Alichora Jinamizi Linalomkaba, Mtaa Mzima Ukamwita Freemason

Saa kumi na moja alfajiri simu ya dada mmoja wa Mbagala ilianza kutetemeka chini ya mto, na haikunyamaza mpaka jua likatoka. Alijua kuna msiba. Si unajua simu za alfajiri zilivyo. Alipofungua WhatsApp akakuta picha aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe, imetumwa na watu kumi na mmoja tofauti, na juu yake mtu ameandika kwa herufi kubwa nyekundu: MSANII WA KIKE WA FREEMASON HUYU HAPA, YUPO MBAGALA, SAMBAZA WENGINE WAPONE.

Jina lake halitajwi hapa, maana yaliyomkuta yanatosha. Ana miaka ishirini na nne. Kidato cha nne alimaliza, matokeo hayakuwa mazuri, akaingia mtaani kuchora mabango ya saluni na maduka ya dawa. Wale wanawake wenye nywele za mawimbi unaowaona kwenye kuta za saluni kuanzia Rangi Tatu mpaka Chamazi, wengine ni kazi yake. Hakuna aliyemfundisha. Alianza na kalamu ya Bic kwenye madaftari ya shule, akapigwa sana fimbo kwa hilo, akaendelea.

Sasa picha yenyewe. Ni ubao wa hadibodi, futi nne kwa tatu, rangi ya mafuta ya kopo ile ile ya kupaka milango. Msichana amelala chali kwenye kitanda cha chuma. Kifuani kwake kimekaa kitu kifupi, cheusi, magoti yamepanda mpaka usawa wa masikio, macho ya njano. Msichana macho yake yako wazi lakini mdomo hauna tundu, umepakwa rangi ya ngozi tu. Chini ya kitanda kuna ndala za mtoto, za bluu, moja imekatika mkanda. Juu kuna neti ya mbu imening'inizwa kwenye msumari mmoja, ikashuka huku na huku.

Hapo kwenye neti ndipo balaa lilipoanzia. Neti iliyoning'inizwa kwenye msumari mmoja inatengeneza pembetatu. Na lile dude, kwa jinsi lilivyogeuza kichwa, jicho lake moja limekaa katikati ya pembetatu hiyo. Pembetatu na jicho ndani yake! Kwa Bongo hii imetosha. Mtu akapiga picha ya skrini kutoka kwenye ukurasa wake wa Instagram, akachora duara jekundu kwenye jicho, akaandika aliyoandika, mchezo ukaisha.

Yeye mwenyewe anasema hakuwahi kuiona hiyo pembetatu. Alikuwa anachora neti.

Lakini lile dude ni nani? Hapo sasa ndipo stori ilipo.

Mwaka juzi mdogo wake wa kiume aligongwa na pikipiki akiwa anavuka barabara kwenda shule. Alikuwa na miaka tisa. Asubuhi ile dada ndiye aliyetakiwa kumvusha, kama kila siku, ila alikuwa amekesha anamalizia bango la mteja, akamwambia nenda tu, ushakuwa mkubwa. Dogo akaenda. Basi.

Baada ya arobaini ndipo kukabwa kulipoanza. Anaamka usiku, macho yanaona kila kitu chumbani, feni inaonekana, mwanga wa taa ya nje unaonekana kwenye pazia, lakini mkono haunyanyuki, sauti haitoki. Na kuna kitu kimemkalia kifuani. Kizito. Anakisikia kinapumua. Halafu ghafla kinaondoka, anaruka kitandani jasho linamtoka kama aliyetoka kubeba maji.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mama mmoja jirani akamwambia aweke kisu chini ya mto. Mwingine akamshauri aende kwa shehe akafanyiwa kisomo. Kanisani wakamwombea mara mbili. Shangazi kutoka Kilwa yeye alisema kwa kujiamini kabisa kwamba huyo ni popobawa, akakumbushia ile hofu iliyoikumba Pemba na Unguja mwaka 1995, watu wakalala nje ya nyumba kwa makundi, mioto inawaka usiku kucha. Dada alisikiliza wote, akaweka kisu, akaombewa, akalala ubavu. Zikapita siku chache. Dude likarudi.

Usiku mmoja akiwa hana usingizi akaingia kwenye simu kutafuta habari za jinamizi, na ndipo akakutana na maelezo ya madaktari. Kumbe unapoota, ubongo huwa unailegeza misuli ya mwili ili usije ukaanza kurusha mateke kwa sababu umeota unacheza mpira. Sasa ikitokea akili imeamka kabla mwili haujaachiwa, unakuwa macho huku huwezi kusogea, na mabaki ya ndoto bado yanaelea chumbani. Inachukua sekunde kadhaa mpaka dakika chache. Inawapata zaidi waliochoka, wasiolala vizuri, wenye mawazo mengi, na mara nyingi wakilala chali. Na sio Waswahili peke yetu. Wajapani wana jina lake, wanaita kanashibari. Kule Newfoundland, Kanada, wazee husema ni bibi kizee anakuja kukukalia.

Kusoma hivyo kulimpunguzia hofu kidogo. Kilichomkamata zaidi ilikuwa picha iliyofuata. Mchoro wa mwaka 1781, umechorwa London na mchoraji mzaliwa wa Uswisi aitwaye Henry Fuseli. Mwanamke amelala chali, kichwa kinaning'inia kitandani, na kifuani amekaliwa na dude fupi limechuchumaa linamwangalia mtazamaji. Nyuma kuna farasi amechungulia kwenye pazia.

Dada alikaa na ile picha mpaka chaji ikaisha. Yaani zaidi ya miaka mia mbili na arobaini iliyopita, mzungu mmoja London, asiyeijua Mbagala wala Kilwa, alimwona huyu huyu.

Kesho yake akanunua ubao.

Kuanzia hapo akawa kama kafunguliwa mlango. Akawa anasoma kila anachokutana nacho kuhusu watu waliochora ndoto. Akakuta kuna kundi zima lilifanya hiyo ndiyo kazi, wakajiita wasurialisti. Mshairi mmoja wa Ufaransa, André Breton, aliandika tamko lao Paris mwaka 1924. Kabla ya hapo, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kijana huyo alikuwa anahudumia hospitalini askari waliorudi vitani wakiwa wamevurugika akili, akawa anawasikiliza ndoto zao. Akaona kumbe ndani ya kichwa cha mtu kuna nchi nyingine kabisa, na wenye akili timamu wanaipita kila usiku wakiamka wanajifanya hawakwenda.

Salvador Dalí, yule Mhispania wa masharubu yaliyochongoka, alikuwa na mbinu yake ya kuiba ndoto. Aliieleza kwenye kitabu chake cha mwaka 1948. Anakaa kwenye kiti, anashika ufunguo mzito kati ya vidole, chini ameweka sahani. Usingizi ukimchukua tu, vidole vinalegea, ufunguo unaanguka kwenye sahani, kelele inamwamsha, anachora alichokuwa anakiona. Dada naye alijaribu, kwa kijiko na sufuria. Mama yake akatoka chumbani kwake kwa hasira kuuliza nani anaosha vyombo saa saba usiku.

Akamkuta Leonora Carrington, Mwingereza aliyefungiwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili Hispania mwaka 1940, akatoka, akaishia Mexico, akalea watoto wake huku anachora majitu yenye vichwa vya wanyama na wanawake wanaopika kama wanaloga. Alifariki mwaka 2011. Mei 2024 mchoro wake mmoja uliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 28.5. Akamkuta Hilma af Klint wa Sweden, aliyekuwa anakaa na wenzake wanne wanaita roho, halafu anachora anachoambiwa na hizo roho. Mama huyo alifariki mwaka 1944 na aliacha maagizo kwamba kazi zake zisionyeshwe mpaka ipite miaka ishirini. Zilipoonyeshwa jumba la Guggenheim, New York, kuanzia 2018 mpaka 2019, watu zaidi ya laki sita walikwenda kuziona.

Na sio wazungu tu. Hector Hyppolite wa Haiti alikuwa kuhani wa vodou na anachora, na Breton mwenyewe alipofika Haiti mwaka 1945 akanunua kazi zake. Wa leo leo wapo pia, tena majirani. Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, anatengeneza wanawake ambao ni nusu mti nusu nyoka nusu mashine, na mwaka 2019 sanamu zake nne ziliwekwa mbele ya jengo la makumbusho ya Metropolitan, New York. Michael Armitage, naye mzaliwa wa Nairobi, anachora mambo ya Kenya ya kila siku yakaonekana kama mtu anaota na homa, na hachorei kwenye kitambaa cha dukani. Anatumia lubugo, nguo ya magome ya mti kutoka Uganda, ambayo Waganda huvishia maiti zao.

Huyo wa mwisho ndiye aliyemfanya dada aache kuona aibu. Mtu anachora juu ya sanda, na dunia inasimama foleni kuangalia.

Basi akamaliza ubao wake. Ulimchukua wiki sita, kwa sababu mabango ya saluni ndiyo yanalipa kodi. Akaupiga picha nje kwenye mwanga, akauweka Instagram, chini akaandika neno moja: Jinamizi. Ukapata laiki thelathini na kitu. Ukakaa hivyo miezi mitatu, hakuna aliyeshtuka. Mpaka alfajiri ile.

Mtaa haukulala. Kufika saa nne asubuhi watoto walikuwa wanapita mbele ya nyumba wanachungulia dirishani halafu wanakimbia wakicheka. Baba mwenye nyumba, ambaye kwa kawaida huonekana tarehe moja tu, alikuja tarehe kumi na saba. Akasema yeye hana tatizo na mtu, ila wapangaji wengine wana wasiwasi, na ingekuwa vizuri huo ubao usiwepo kwenye nyumba yake.

Aliyeumia zaidi ni mama. Mama yake anauza supu na chapati karibu na kituo cha daladala, mwaka wa kumi na moja sasa. Makonda na bodaboda wanamjua, anawakopesha. Siku ile akachemsha sufuria mbili kama kawaida. Ilipofika saa tano moja ilikuwa haijaguswa. Kuna mteja wake wa siku zote aliyepita kwa mbali akamsalimia kwa mkono, akaenda kunywa supu kwa jirani. Mwingine alimwambia wazi, mama samahani, siku hizi watu wanasema nyama inatoka wapi. Mama akarudi nyumbani na sufuria kichwani. Hakugomba. Akaingia chumbani akafunga mlango.

Na kuna neno lilikuwa linazunguka mtaani ambalo hakuna aliyelisema mbele yao, ila lilifika: kwamba mdogo wake ndiye aliyekuwa kafara.

Hebu simama kidogo hapo. Binti amempoteza mdogo wake, anajilaumu kila usiku mpaka mwili unaganda, anachora ili apumue, halafu anaambiwa alimuuza.

Ila subiri, kuna upande wa pili ambao hata yeye hakuutegemea. Wakati nusu ya mtaa inamkimbia, nusu ya nchi ilikuwa inamtafuta. Meseji zikaanza kuingia Instagram. Dada naomba uniunganishe. Dada mimi niko tayari kwa masharti yoyote. Dada nina digrii sina kazi, mwaka wa nne huu. Mmoja aliandika kutoka Geita kwamba yuko tayari kutoa kidole. Wa mwingine aliandika kwa adabu kabisa, shikamoo dada, kama kiingilio ni mtu basi naomba nisajiliwe kwa kile cha fedha, mtu sina.

Alizisoma zote. Mwanzoni alicheka, baadaye akashindwa.

Kila mtu anajua vile vikaratasi vilivyobandikwa kwenye nguzo za umeme: jiunge na Freemason, utajiri ndani ya siku saba, piga namba hii. Freemason wa kweli wapo, chama chao kikuu London kilianza mwaka 1717, na hapa Dar wapo kwa miaka mingi na jengo lao halijajificha. Marehemu Sir Andy Chande, aliyefariki 2017, alikuwa kiongozi wao mkubwa na alijitokeza wazi kuwaeleza Watanzania habari za chama hicho. Wale wa kwenye nguzo ni wengine. Wale wanauza kadi ya uanachama kwa namba ya simu.

Na wiki ya pili mmoja wao akaitumia picha ya dada.

Alijua kwa sababu ya kijana mmoja wa Tunduma, miaka kumi na tisa, aliyemwandikia akiwa na hasira. Dada, nimetuma laki moja na nusu ya fomu, mkasema kesho yake ningepokea, leo siku ya tisa simu haipatikani. Dada akamuuliza ametuma kwa nani. Kijana akatuma picha za skrini. Akaunti ilikuwa na jina la Kizungu lenye neno Grand ndani yake, na picha ya utambulisho ilikuwa msichana amelala chali, neti, dude, jicho. Ndala za bluu zilikuwa zimekatwa.

Ile laki moja na nusu ilikuwa ya mbolea ya baba yake.

Dada alimpigia simu. Waliongea karibu nusu saa, kijana haamini, anadhani ni janja nyingine. Mpaka alipomtumia video yuko chumbani na ubao wenyewe, anauzungusha, nyuma unaonekana bei ya hadibodi iliyoandikwa na fundi kwa chaki. Kijana akanyamaza. Halafu akauliza swali moja tu. "Sasa dada, kama wewe sio, hiki kitu ulikiona wapi?"

Alimjibu ukweli. Akamsimulia habari ya mdogo wake, ya pikipiki, ya bango la mteja. Alikuwa hajawahi kumweleza mtu mambo ya lile bango. Akamwambia mtu asiyemjua, yuko Tunduma.

Asubuhi yake aliufunga ubao kwa khanga, akapanda daladala mpaka Mwenge, kwenye soko la vinyago. Alitaka kuuza. Bei yoyote, hata ya rangi tu, mradi utoke nyumbani. Akazunguka vibanda vinne vitano, wote wanatikisa kichwa, wameshauona kwenye simu. Kibanda cha mwisho alikuwepo mzee mmoja Mmakonde anasugua mpingo kwa msasa. Akamsalimia shikamoo, akafungua khanga.

Mzee akaangalia muda mrefu. Akauliza, "Wanasema nini?"

"Wanasema Freemason, babu."

Mzee akacheka mpaka akaweka msasa chini. Akamwonyesha rafu zake. Kila rafu ina mashetani. Shetani mwenye sikio moja kubwa, shetani anayejing'ata mguu, shetani amebeba mwenzake mgongoni. Akamwambia, binti, sisi tumeanza hii kazi kabla baba yako hajazaliwa. Akamtajia Samaki Likankoa, ambaye wachongaji wenyewe wanamtaja kama mwanzilishi wa kinyago cha shetani, miaka ya hamsini hapa hapa Dar. Akamtajia George Lilanga, mtu wa kusini, aliyezaliwa 1934, ambaye kazi yake ya kwanza Nyumba ya Sanaa ilikuwa ulinzi wa usiku. Baadaye akachonga na kuchora mashetani yenye masikio makubwa na matumbo, yanacheza, yanacheka, yanagombana kama majirani, mpaka kazi zake zikafika Marekani mwaka 1978 na baadaye kuzunguka dunia. Alifariki 2005.

"Mzungu akinunua shetani wangu anasema sanaa," mzee akasema. "Mtoto wa Mbagala akichora wake, anaambiwa kaua."

Akauliza bei. Dada akasema chochote. Mzee akakataa kununua. Sababu aliyotoa ilikuwa fupi: kazi unayoiuza ili uikimbie, utaichora tena. Akamfungia khanga mwenyewe, akampa na nauli.

Usiku ule mama alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, jiko la mkaa linawaka na hakuna kitu juu yake. Dada alielewa bila kuambiwa. Mama akasema kwa upole, "Mwanangu, nakuomba. Tuuchome yaishe."

Dada hakubisha. Akauleta. Akafungua khanga, akauegemeza ukutani, akaenda ndani kutafuta panga la kuupasulia, maana hadibodi nzima haiingii kwenye jiko.

Aliporudi alimkuta mama amesogeza kigoda. Kumbe mama hakuwahi kuuona mchoro wenyewe. Wiki zote sita ulikuwa umegeuziwa ukutani, yeye anapita anadhani ni bango, na baadaye aliuona kwenye simu ya jirani tu, mdogo kama kiberiti, na duara jekundu juu yake. Sasa alikuwa anauangalia kwa mwanga wa mkaa na tochi ya simu. Akaanza chini. Akaziona ndala. Ile ya kulia iliyokatika mkanda aliijua, aliifunga kwa waya yeye mwenyewe asubuhi ile ile.

Akakaa kimya. Halafu tochi ikapanda taratibu mpaka kwenye lile dude.

"Huyu anakuja kwako?" akauliza.

"Ndiyo mama."

"Tangu lini?"

"Tangu baada ya arobaini."

Mama akaangalia tena. Akasogea karibu, akaweka kidole karibu na yale macho ya njano bila kugusa.

"Wangu mimi hana macho," akasema.

Dada akakaa chini, panga bado mkononi. Mwaka mzima na zaidi, vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta wa tofali moja, kila mmoja anakabwa upande wake, hakuna anayemwambia mwenzake. Mama alikuwa anadhani akisema atamwongezea binti mzigo. Binti alikuwa anadhani akisema itabidi aseme na habari ya bango. Akaisema usiku ule. Mama akamwambia alikuwa anajua. Siku ile aliiona taa ya chumbani kwake ikiwaka mpaka alfajiri, na yeye mwenyewe ndiye aliyempa dogo viatu akamwambia awahi.

Ubao haukuchomwa. Jiko likapikiwa ugali.

Baada ya hapo dada alifanya mambo matatu. La kwanza, aliirudisha ile picha kwenye ukurasa wake, safari hii na stori yake yote chini: mdogo wake, bango, kukabwa, neti ya msumari mmoja. Akamalizia kwamba hamuungi mtu popote, na yeyote atakayekuombea hela kwa picha hii ni mwizi. La pili, alikwenda na yule kijana wa Tunduma kwenye simu hatua kwa hatua mpaka akaripoti polisi na kwenye kampuni ya simu. Ile laki moja na nusu haikurudi. Akaunti ile ilifungwa, na baada ya siku kadhaa nyingine ikafunguliwa kwa jina jingine na picha ya mtu mwingine. La tatu, sasa anaandika jina lake kwenye kila kazi, kubwa, katikati, mahali ambapo mtu hawezi kulikata.

Mtaa haukuomba radhi, mtaa hauombi radhi. Baba mwenye nyumba hajarudi kuuliza. Makonda walirudi mmoja mmoja kwenye supu, wa kwanza alikuwa na deni la wiki tatu, akalipa bila kusema kitu. Wapo ambao hawajarudi mpaka leo na pengine hawatarudi.

Kitu kilichobadilika ni meseji. Zile za kuomba kuunganishwa zimepungua. Zinazokuja sasa ni za watu wanaosimulia. Mlinzi wa usiku anayekabwa akilala mchana. Binti wa chuo aliyekuwa anadhani ameolewa na jini. Baba mmoja wa makamo aliyeandika kwamba ana miaka ishirini hajamwambia mke wake. Wengi wanamalizia kwa kueleza wa kwao yukoje: mrefu, hana kichwa, amevaa kanzu, ni paka. Dada anaandika kila mmoja kwenye daftari.

Dude bado linakuja, ila mara moja moja. Siku hizi likija anajitahidi kusogeza kidole gumba cha mguu, na likiondoka anagonga ukuta mara mbili. Upande wa pili mama anagonga mara mbili.

Kwa sasa kuna ubao mwingine umeegemea chumbani kwake, haujageuziwa ukutani. Kitanda ni kingine, cha mbao, na anayelala ni mama mtu mzima amefunga khanga kichwani. Dude limeshakaa kifuani, mwili umekamilika, mikono imekamilika. Sehemu ya uso bado ni ubao mtupu. Kila jioni mama akitoka kuosha sufuria anapita kuangalia, anasema bado, hapo sio, anaenda kulala.

Na wewe mdau, wa kwako yukoje? Ana macho au hana? Maoni yapo wazi hapo chini. Ila ile picha uliyotumiwa jana kwenye grupu la familia, yenye duara jekundu, kabla hujaisambaza jiulize kwanza ndala zilizokatwa pale chini zilikuwa za nani.